Picha 63, baiti sifuri

Kama umewahi kupiga picha ya kitambulisho cha mzazi kwa simu, ukaituma kwenye fomu ya mtandaoni na ukajibiwa kwa maandishi ya kijani "Imepokelewa", naomba unisamehe mapema. Mimi ni mmoja wa wale wanaoandika hiyo sentensi ya kijani. Na kuna wiki nzima niliiandika ikiwa uongo mtupu, bila mimi mwenyewe kujua.

Stori ni ya hapa Entarara, upande huu wa Kajiado. Ukiacha lami unakanyaga ule udongo mweusi wa kunata, na mvua ikinyesha bodaboda anakuitisha mara mbili ya nauli ya jana. Kuna kikundi cha wazazi huku, sitakitaja jina, ambacho huchanga pesa kila mwezi halafu shule zikikaribia kufunguliwa wanalipia watoto kadhaa karo ya sekondari. Zamani mzazi alikuwa anapeleka karatasi kwa mkono: nakala ya kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na barua ya kuitwa shule. Kutoa nakala saiba si ghali. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ndiyo inauma, hasa ukifika ukute stima zimepotea na mashine imelala.

Mama mwenyekiti akanipigia. "Kijana wangu, si wewe ndiye wa kompyuta? Tutengenezee kitu mtu atume akiwa kwake."

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na karo ndiyo iliyoniachisha. Kwa hivyo hiyo simu ilinishika pabaya. Nilisema ndiyo kabla hata ya kutaja bei. Tukaelewana 15,000, nusu kwanza.

Sasa ngoja nikuonyeshe kinachotokea ukibonyeza "Tuma", kwa sababu watu wengi wanadhani picha inaruka tu kutoka kwa simu hadi mahali fulani panaitwa wingu na kutua hapo.

Brauza ya simu yako inachukua fomu nzima na kuikata vipande. Kipande kimoja ni jina lako, kingine ni namba ya simu, kingine ni picha yenyewe, baiti baada ya baiti. Kati ya kipande na kipande inaweka alama ya mpaka, mfuatano wa herufi ambao hauwezi kupatikana kwa bahati ndani ya picha. Kwenye kila kipande cha faili inaandika juu jina la faili na aina yake. Utaratibu huu ni mzee kuniliko. Uliandikwa Novemba 1995 na Ernesto Nebel na Larry Masinter wa Xerox, katika waraka unaoitwa RFC 1867. Kabla ya hapo fomu za wavuti zilikuwa za maandishi tu. Kila picha ya wasifu uliyowahi kuweka mahali popote ina deni kwa hao wawili.

Vipande vikifika upande wa seva, swali ni moja: viwekwe wapi? Kuna mahali pawili tu. Kuna diski, ambayo hukaa na vitu hata stima zikipotea, na kuna kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile RAM, ambayo ni ya haraka lakini husahau kila kitu programu ikifa. Lugha na zana hazikubaliani kabisa katika jambo hili. PHP huandika faili kwenye folda ya muda, na usipoihamisha kabla ombi halijaisha, inaifuta yenyewe. Django, ambayo ndiyo niliyotumia, huweka faili ndogo kwenye kumbukumbu, na ikizidi megabaiti 2.5 inaipeleka kwenye diski kimyakimya. Go huanza na kiwango cha megabaiti 32. Ukichukua zana bila kusoma hiki kiwango, umeshaamua jambo kubwa bila kujua umeamua.

Mimi nilianza na diski. Ndivyo kila somo la bure kwenye intaneti linavyokufundisha: unda folda, hifadhi faili, maliza. Nikajaribu na picha tatu za paka wa jirani, zikaingia vizuri. Asubuhi nikaamka paka hawapo.

Sikuwa nimedukuliwa. Seva za bei ya chini mara nyingi hazina diski ya kudumu. Programu yako inawekwa ndani ya boksi, boksi likiwashwa upya linarudi lilivyokuwa siku ya kwanza, na kila kilichoandikwa katikati kinafutwa. Na linawashwa upya mara kwa mara, wewe upende usipende. Heroku, ambayo vijana wengi tulifundishiwa mpaka ilipofuta mpango wake wa bure Novemba 2022, inaeleza wazi kwenye maelezo yake kwamba boksi huwashwa upya angalau mara moja kwa siku. Kampuni niliyokuwa naitumia mimi ilikuwa nyingine, na pengine nayo ilieleza. Tatizo ni kwamba maelezo ni marefu na mimi nilikuwa na haraka.

Kwa hivyo nikafanya wanachofanya watu wazima: faili isiguse diski yangu hata kidogo. Inapokewa kwenye kumbukumbu, na kutoka hapo hapo kwenye kumbukumbu inapakiwa hadi kwenye ghala la wingu, mahali ambapo kazi yao ni kutunza faili na kazi yako ni kulipa. Amazon walianzisha ghala la aina hii mwaka 2006, na tangu 2020 wana kituo Cape Town, kwa hivyo picha ya mtu wa Kajiado si lazima ivuke mpaka Ulaya.

Nikajaribu tena na wale paka. Asubuhi wakawa bado wapo. Nikajiona nimefika.

Halafu nikaongeza kitu kimoja kidogo.

Simu za siku hizi zinapiga picha za megabaiti 4, 5, hata 8. Kusoma namba ya kitambulisho huhitaji picha kubwa hivyo, na ghala linatoza kwa ukubwa. Basi nikaweka hatua katikati: picha ikifika, ipunguzwe kwanza, halafu toleo dogo ndilo lipakiwe. Kwenye Python kuna maktaba inaitwa Pillow ya kazi hiyo. Unaiambia ihifadhi picha ndogo, lakini badala ya kuipa jina la faili kwenye diski unaipa BytesIO. Hiki ni kitu kinachojifanya faili ilhali kinaishi kwenye kumbukumbu tu. Programu zingine hazijui tofauti. Zinasoma na kuandika humo kama kwa faili ya kawaida.

Kujifanya huko ni kamili mno. Ndipo niliponaswa.

Kama nyumbani kwenu kulikuwa na redio ya kaseti, au umewahi kusikia wazee wakiisimulia, utanielewa haraka. Ukirekodi wimbo kwenye kaseti, ukimaliza, kichwa cha redio kiko mwisho wa wimbo. Ukibonyeza kucheza wakati huo husikii wimbo, unasikia kimya. Lazima urudishe kaseti nyuma kwanza. BytesIO ni hivyo hivyo. Ina kishale kinachoonyesha uko wapi. Pillow ikimaliza kuandika picha, kishale kiko mwisho. Mimi nikakabidhi hiyo kaseti kwa ghala la wingu bila kuirudisha nyuma. Ghala likaanza kusoma kutoka kishale kilipo, likakuta hakuna kitu mbele, likahifadhi faili yenye jina sahihi, aina sahihi na baiti sifuri. Likanijibu kwamba yote yameenda sawa. Na programu yangu, kwa kuwa haikuona kosa, ikamwandikia mzazi kwa kijani: "Imepokelewa".

Hiyo hatua sikuijaribu kwa kufungua picha upande wa pili. Niliona kijani, nikalala.

Alhamisi saa mbili usiku simu ikalia. Kamati ilikuwa inakaa Jumamosi asubuhi kuchagua watoto.

"Kijana, hizi picha zako hazifunguki."

"Ni mtandao, Mama. Subiri kidogo ufungue tena."

"Nimesubiri tangu saa kumi. Na mweka hazina pia hafungui kwake."

Nikafungua ghala kwa kompyuta. Wazazi 21, kila mmoja karatasi 3. Faili 63. Kwenye safu ya ukubwa, kutoka juu mpaka chini: 0, 0, 0, 0. Manze, sijui kama umewahi kuhisi masikio yakipata moto. Nilisogeza orodha mpaka chini nikitumaini hata moja ina kitu. Hakuna. Na kwa sababu nilikuwa nimejisifu kwamba sihifadhi chochote kwenye diski, hakukuwa na nakala popote. Zilikuwa zimepita kwenye kumbukumbu ya seva na kutoweka.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: seek(0). Maana yake, rudisha kaseti. Herufi saba, ukihesabu na mabano. Nikaiweka saa tatu usiku, nikajaribu na paka, nikafungua picha upande wa pili kwa macho yangu, ikafunguka. Ukiingia kwenye kazi hii utakutana na kosa hili, nakuapia, na utalikuta kwa lugha yoyote ile inayokuruhusu kujifanya una faili. Ndugu yake ni jina. Faili ya kwenye kumbukumbu haina jina, kwa sababu haijawahi kukaa kwenye folda. Maktaba ya requests, kwa mfano, ikikosa jina hubandika lile la sehemu ya fomu, na upande wa pili ukikagua kama jina linaishia na .jpg, unaikataa. Mpe jina mwenyewe, na aina yake, usingoje kukisiwa.

Lakini mstari mmoja haukurudisha picha za watu 21.

Niliambia mwenyekiti ukweli. Nilifikiria kusema ghala la wingu lilipata hitilafu, kwa nini nikufiche, na nilikuwa nimeshaanza kuitunga sentensi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa utawapigia wewe mwenyewe, si mimi."

Ijumaa nzima nilikuwa kwenye simu. Wengine walicheka, wakasema watatuma tena jioni. Wengine walikuwa wameshafuta picha ili kupata nafasi kwenye simu. Mama mmoja alikuwa ametumia simu ya jirani, na jirani ameenda Namanga na simu yake. Bibi mmoja anayelea mjukuu aliniambia, "Mwanangu, mimi niliona imeandika imepokelewa, nikashukuru Mungu." Nikamwambia, "Pole, yeyo, kosa ni langu." Huyo nilimfuata kwa bodaboda nikapiga picha mwenyewe juu ya meza yake, mjukuu akishikilia cheti kisipeperuke.

Na hapo ndipo kosa la pili likafika, kwa sababu nilikuwa nimewaambia wote watume jioni. Jioni ni jioni. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja wakaanza kutuma kwa pamoja, na seva ikafa. Ikawaka, ikafa tena.

Hesabu yake hii hapa, uifanye nami. Picha ya megabaiti 4 kwenye simu imekunjwa. Ili kuipunguza lazima programu iikunjue. Picha ya pikseli milioni 12 ina baiti 3 kwa kila pikseli, moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya samawati. Hiyo ni megabaiti 36 kwa picha moja. Mzazi mmoja anatuma tatu kwa mpigo: 108. Wazazi watano kwa dakika moja: 540. Seva yangu ya bei rahisi ilikuwa na megabaiti 512 kwa kila kitu, pamoja na mfumo wenyewe. Ikizidi hapo inauawa bila salamu, na aliyekuwa katikati ya kutuma anaanza upya.

Mtu wa diski hapo angenicheka, na ana haki. Diski ni ya polepole ila haishibi haraka. Kumbukumbu ni safi na ya haraka lakini lazima uihesabu kama unavyohesabu viti vya matatu. Usiku huo nilifanya mambo mawili. Nilikataza faili ya zaidi ya megabaiti 8, na nikaweka foleni ili picha zikunjuliwe moja moja, sio zote pamoja. Baadaye nikajifunza kwamba Pillow inaweza kuagizwa ikunjue JPEG ikiwa tayari ndogo, nusu au robo ya upana, kabla hata haijajaza kumbukumbu. Amri inaitwa draft. Ningeijua Ijumaa ningelala mapema. Kuna pia njia ya kumpa mzazi kiungo cha muda ili simu yake ipeleke picha moja kwa moja kwenye ghala bila kupitia kwangu kabisa, lakini hapo huwezi kuipunguza njiani. Kila njia ina gharama yake.

Jambo la tatu ndilo ninalolithamini zaidi, na halikuwa la kiufundi sana. Nilibadilisha ile sentensi ya kijani. Sasa programu ikimaliza kupakia, inaliuliza ghala: una baiti ngapi? Inalinganisha na ilizotuma. Zikilingana, na zisiwe sifuri, ndipo inaandika imepokelewa, na chini yake inamwonyesha mzazi picha yenyewe, iliyosomwa kutoka kwenye ghala. Anaona kitambulisho chake. Kama ni kimya cha kaseti, anakiona naye.

Ukiwa Mkenya hili si geni kwako hata kama hujui kuandika programu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, Septemba 1, na sehemu kubwa ya kesi ilikuwa kuhusu fomu na jinsi zilivyotumwa. Matokeo yalitangazwa huku baadhi ya fomu za vituoni zikiwa hazijafika kule zilikotakiwa kuonekana. Mwaka 2022 IEBC ikaweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti ya umma, kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila mtu afungue na ajumlishe mwenyewe. Mjomba wangu alikesha akizifungua moja moja kwa simu, akiandika kwenye daftari la shule. Kesi ilipofika mahakamani, karatasi halisi zililinganishwa na picha zilizopakiwa, na mahakama ikasema Septemba 5 kwamba haikuona tofauti ya maana. Toa siasa, na kazi ni ile ile ya Entarara: kilichotoka mkononi mwa mtu ndicho kilichofika? Na nani anaweza kuangalia?

Kuna sababu nyingine iliyonifanya nibaki na kumbukumbu badala ya kurudi kwenye diski, licha ya maumivu yote hayo. Zile faili 63 ni vitambulisho vya watu na vyeti vya watoto. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiulizi kama wewe ni kampuni kubwa au ni kijana na laptopu kwenye bedsita. Data ya mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, ile iliyo ndogo. Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo Immaculate Kassait ndiye wa kwanza kuiongoza, ipo na inapokea malalamishi. Nimeona seva za watu ambazo folda ya picha iko wazi, ukibadilisha namba moja kwenye anwani unapata kitambulisho cha mtu mwingine. Faili isiyoandikwa kwenye diski yangu ni faili ambayo siwezi kuisahau huko. Ila usijidanganye, ghala nalo lina mlango, na mlango huo nilihakikisha umefungwa.

Jumamosi kamati ilikaa saa tatu. Kati ya 21, tulikuwa na karatasi kamili za 20. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja aliyehamisha ng'ombe kufuata malisho, na simu yake ilikuwa imezimwa tangu Alhamisi. Binti yake alikuwa ameitwa kidato cha kwanza. Mwenyekiti alisema watamsubiri mpaka saa nane. Saa nane ikafika.

Jina lake waliliweka juu kabisa kwenye orodha ya muhula wa pili. Nusu yangu ya pili, zile 7,500, nilimwambia mwenyekiti aziweke kwenye karo ya huyo msichana, na kilichobaki babake akakopa. Jumanne yake mzee alinipigia, simu ikikatikakatika, akitaka kujua kama picha zake zilifika. Nikamwambia hazikufika, na kwa nini. Akaniuliza kama zile atakazotuma muhula wa pili nitazifungua mwenyewe kwanza.

Nimeshaandika kwenye kalenda ya simu.